Unukuzi Kinyume wa Jeni na Ugumu wa Kuupima: Somo Kutoka Mashamba ya Mihogo ya Bukoba na Muleba

Utangulizi

Katika wilaya za Bukoba na Muleba ndizi ndiyo chakula kikuu, nayo hukuzwa katika kibanja kinachoizunguka nyumba, pamoja na kahawa na maharage. Muhogo hupandwa mbali kidogo, aghalabu katika rweya, yaani ile mbuga ya majani iliyo nje ya vibanja. Heshima yake mezani ni ndogo kuliko ya ndizi, lakini kazi yake ni kubwa: ndizi zinapopungua, muhogo ulio ardhini ndio akiba ya nyumba. Hivyo basi, ugonjwa unaoushambulia muhogo huibomoa ghala ambayo mkulima alikuwa akiitegemea kwa siku za shida.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali uliingia mkoani Kagera kutoka Uganda na kuangamiza mihogo mingi. Baadaye ukafuata ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Magonjwa yote mawili huletwa na virusi, na yote mawili huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zenye maradhi ambazo wakulima hupeana. Kinga kubwa ya mkulima ni kupanda mbegu inayostahimili. Lakini ni nani anayejua kwamba mbegu fulani inastahimili, naye amejuaje? Siku hizi, zaidi ya kuutazama mmea shambani, mtafiti hupima kazi ya jeni zilizomo ndani ya jani. Kipimo kikisema uongo, pingili zisizofaa zinaweza kusambazwa vijijini.

Makala haya yanaeleza chanzo kimoja cha uongo huo. Chanzo chenyewe ni tabia ya jeni kunukuliwa kutoka pande zote mbili za DNA, tabia tutakayoiita unukuzi kinyume.

Jeni na nakala yake

Mwalimu wa biolojia ataikumbuka picha ya DNA: nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja mfano wa ngazi ya kamba. Vidato vya ngazi hiyo ni besi nne zinazokwenda jozi jozi: adenini (A) na timini (T), guanini (G) na sitosini (C). Nyuzi hizo mbili huelekea pande zinazopingana. Mwanzo wa uzi mmoja huitwa ncha ya 5' na mwisho wake ncha ya 3'; uzi wa pili umegeuzwa, hata ncha yake ya 3' imekaa mkabala na ncha ya 5' ya mwenzake.

Jeni inapofanya kazi, kimeng'enya hufungua nyuzi hizo na kunukuu mmoja wao kwa kutengeneza RNA, ambamo urasili (U) hushika nafasi ya timini. Tutazame kipande kifupi:

Uzi wa maana: 5'-ATGGCTTGCAAA-3'
Uzi wa kiolezo: 3'-TACCGAACGTTT-5'

Kimeng'enya kikisoma uzi wa kiolezo, RNA inayopatikana ni 5'-AUGGCUUGCAAA-3'. Hii ndiyo RNA ya maana, ile inayopelekwa kwenye ribosomu ili protini itengenezwe. Kadiri nakala za namna hii zinavyokuwa nyingi ndivyo, kwa kawaida, jeni inavyohesabiwa kuwa inafanya kazi zaidi. Ndiyo sababu watafiti hupima wingi wa RNA wanapotaka kujua jinsi mmea unavyojibu ugonjwa, ukame au baridi.

Unukuzi kinyume

Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifundisha kana kwamba katika kila jeni uzi mmoja tu ndio unaonukuliwa. Leo tunafahamu kwamba mambo ni mapana zaidi. Kimeng'enya kinaweza kuanza upande wa pili na kunukuu ule uzi wa maana. Katika mfano wetu RNA itakayopatikana ni 5'-UUUGCAAGCCAU-3'. Hii ni RNA kinyume. Haina maelekezo ya protini ileile, bali besi zake huoana moja kwa moja na besi za RNA ya maana.

Jambo hili si ajabu la nadra. Mwaka 2005 jopo la kimataifa la watafiti waliokuwa wakichunguza jeni za panya lilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya sehemu zinazonukuliwa zilionyesha dalili za kunukuliwa pia upande wa pili. Katika mimea, jeni iitwayo FLC, ambayo huzuia maua yasichanue kabla ya majira ya baridi kupita, ina RNA kinyume zake zinazoshiriki katika kuizima.

RNA kinyume hufanya kazi kwa njia kadhaa. Kwanza, vimeng'enya viwili vinavyonukuu jeni moja kutoka pande mbili vinaweza kukutana njiani na kuzuiana. Pili, RNA kinyume inaweza kuvuta protini zinazoifunga ile sehemu ya kromosomu isisomwe. Tatu, RNA mbili zinazooana zinaweza kushikana na kuwa RNA ya nyuzi mbili. Mmea huiona RNA ya namna hiyo kama alama ya hatari, huikatakata kuwa vipande vidogo vya besi 21 hadi 24, kisha huvitumia vipande hivyo kutafuta na kuharibu RNA nyingine zinazofanana navyo. Njia hii ya kunyamazisha jeni ilifafanuliwa mwaka 1998 na Andrew Fire na Craig Mello kwa kutumia minyoo wadogo, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Batobato: kirusi kinachosomwa pande mbili

Ugonjwa wa batobato una historia ndefu nchini mwetu. Uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Warburg, kutokana na mihogo ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Virusi vyake viko vya aina nyingi. Mwaka 2005 Joseph Ndunguru na wenzake walichapisha uchunguzi wa virusi vya batobato vya Tanzania, wakaonyesha kwamba Afrika ya Mashariki ni mojawapo ya vitovu vya wingi wa aina hizo.

Batobato kali iliyoingia Kagera ilihusishwa na kirusi kilichotambuliwa Uganda mwaka 1997. Kirusi hicho kilikuwa chotara: sehemu ya jeni yake ya ganda ilitokana na kirusi cha batobato cha Afrika, na sehemu nyingine kubwa ilitokana na kile cha Afrika ya Mashariki. Mmea uliopatwa na chotara huyu pamoja na kirusi cha Afrika kwa wakati mmoja uliumwa vibaya kuliko ule uliopatwa na kirusi kimoja.

Virusi hivi vina DNA ya duara iliyogawanyika vipande viwili, kila kimoja kikiwa na besi zipatazo 2,700 hadi 2,800. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, kirusi huzitumia pande zote mbili za DNA yake. Katika kipande cha kwanza, jeni AV1 na AV2 husomwa kuelekea upande mmoja, na jeni AC1, AC2, AC3 na AC4 husomwa kuelekea upande wa pili. Usomaji wote huanzia eneo moja la duara, ukazunguka kushoto na kulia, kisha ukakutana upande wa pili. Pale panapokutana, mikia ya RNA hizo hupishana kidogo. Kwa maneno mengine, mkia wa RNA moja ni kinyume cha mkia wa nyingine, nazo zinaweza kushikana.

Hapo ndipo mmea unapopata nafasi ya kujitetea kwa njia ya kunyamazisha tuliyoieleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mihogo iliyopata nafuu baada ya kuambukizwa ilikuwa na vipande vidogo vingi vya RNA ya kirusi, na ile isiyopata nafuu ilikuwa na vichache. Lakini kirusi nacho hakikai kimya. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliotumia virusi vya makundi hayo mawili vilivyotoka Kameruni, ulionyesha kwamba kirusi cha Afrika huvuruga kinga hiyo kwa protini ya AC4, na mwenzake wa kundi la Afrika ya Mashariki huivuruga kwa protini ya AC2. Mmea wenye virusi vyote viwili unapigwa kwa silaha mbili tofauti. Hii ni sababu mojawapo inayoeleza ukali wa maambukizo ya pamoja.

Jinsi kipimo kinavyodanganya

Tumtazame mwanafunzi aliyewekwa Kemondo, kando ya barabara ya Bukoba na Muleba, ahesabu abiria wanaopita. Siku ya kwanza anaandika 500, siku ya pili 700. Je, mji wa Bukoba umepata wageni zaidi siku ya pili? Hatuwezi kujibu, kwa kuwa mwanafunzi hakuandika abiria walikuwa wakielekea wapi. Huenda siku ya kwanza 400 waliingia na 100 wakatoka, na siku ya pili 200 waliingia na 500 wakatoka. Jumla imepanda, lakini wageni wa Bukoba wamepungua kwa nusu.

Maabara nyingi hupima jeni kama mwanafunzi huyo. RNA huharibika upesi, na vyombo vya kukuza na kusoma besi hufanya kazi na DNA. Kwa hiyo RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya maalumu. Uzi wa kwanza wa DNA hutengenezwa juu ya RNA, kisha uzi wa pili hutengenezwa juu ya ule wa kwanza. Sasa turudi kwenye mfano wetu:

RNA ya maana AUGGCUUGCAAA inatoa uzi wa kwanza TTTGCAAGCCAT, na uzi wa pili ATGGCTTGCAAA.

RNA kinyume UUUGCAAGCCAU inatoa uzi wa kwanza ATGGCTTGCAAA, na uzi wa pili TTTGCAAGCCAT.

Mwishoni jozi hizo mbili zinafanana kabisa. Habari ya upande ilikotoka RNA imepotea, na hakuna chombo kinachoweza kuirudisha, hata kiwe cha thamani gani.

Tuchukue tarakimu zilezile za Kemondo, tuzipe sura ya jeni ya kinga katika muhogo. Tarakimu hizi tumezibuni kwa ajili ya somo tu. Mmea mzima una nakala 400 za RNA ya maana na 100 za RNA kinyume. Mmea mgonjwa una 200 za maana na 500 za kinyume. Kipimo kisichotofautisha upande kitasoma 500 na 700. Mtafiti ataandika kwamba jeni imeongeza kazi kwa asilimia 40, na huenda akaisifu mbegu hiyo kwa kuwa na kinga inayoamka ugonjwa unapoingia. Ukweli ni kwamba RNA ya maana imepungua kwa asilimia 50: jeni hiyo imekuwa ikizimwa.

Upo pia udanganyifu wa upande wa pili. Kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA kinaweza chenyewe kuzua alama ya RNA kinyume ambayo haikuwamo katika seli. RNA inaweza kujikunja, mkia wake ukawa mahali pa kuanzia bila mtafiti kuweka kianzio chochote. Tena, kimeng'enya hicho kinaweza kuacha RNA na kuendelea kunukuu uzi wa DNA kilichotoka kuutengeneza. Kwa sababu hiyo si kila alama ya RNA kinyume inayotangazwa ni ya kweli.

Kwa virusi vya batobato kuna tahadhari ya tatu. Kwa kuwa kirusi chenyewe ni DNA, jani lenye ugonjwa limejaa DNA yake. Isipoharibiwa yote kabla ya kupima, itahesabiwa kana kwamba ni RNA, nayo haitaonyesha upande wowote.

Namna ya kuutunza upande

Njia za kuepuka makosa haya zinajulikana, na msingi wake ni kuitia RNA alama kabla haijapoteza upande wake.

(a) Kianzio chenye alama. Mtafiti huweka kianzio kinachoshika RNA ya upande mmoja tu, na mbele yake huunganisha besi za ziada ambazo hazimo katika mmea wala katika kirusi. Baadaye hukuza tu ile DNA yenye alama hiyo. Ni kama kumpa kila abiria anayeingia Bukoba tiketi ya rangi yake.

(b) Kutia urasili katika uzi wa pili. Njia hii, iliyochapishwa mwaka 2009 na Parkhomchuk na wenzake wa Berlin, huutengeneza uzi wa pili wa DNA kwa urasili badala ya timini. Kisha kimeng'enya kingine huuharibu uzi huo wenye urasili, ukabaki ule wa kwanza peke yake, ambao upande wake unajulikana. Njia hii hutumika sana pale jeni zote za kiumbe zinaposomwa kwa pamoja.

(c) Aktinomisini D. Dawa hii huzuia kunukuliwa kwa DNA kutoka kwenye DNA. Mwaka 2007 ilionyeshwa katika hamira kwamba ikiongezwa wakati wa kugeuza RNA, alama nyingi za uongo za RNA kinyume hutoweka.

(d) Vipimo vya kulinganishia. Sampuli moja hupimwa bila kimeng'enya kigeuzi, ili kuona kama DNA imebaki. Nyingine hupimwa bila kianzio, ili kuona kama RNA inajianzisha yenyewe. Matokeo yasiyo na vipimo hivi viwili hayastahili kujengewa shauri la kilimo.

Michirizi ya kahawia: upande ni ushahidi

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na wa nyanda za chini. Mwaka 2004 ulionekana tena Uganda katika maeneo ya juu, kisha ukaenea katika bonde la Ziwa Viktoria. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba virusi vya bonde hilo vinatofautiana kinasaba na vile vya pwani ya Bahari ya Hindi. Ubaya wa ugonjwa huu ni kujificha: majani yanaweza kuonekana ya afya, na mkulima akagundua siku ya kuchimba kwamba mizizi imeoza kwa madoa ya kahawia.

Virusi vyake ni vya RNA, na RNA inayosafiri ndani ya ganda la kirusi ni ya maana. Kirusi kinapozaliana katika seli ya muhogo, hutengeneza kwanza RNA kinyume, kisha huitumia kama kiolezo cha kupata nakala mpya za RNA ya maana. Hivyo RNA kinyume ya kweli ni ushahidi wa kuzaliana. Katika mwili wa inzi mweupe kirusi hiki hubebwa tu, hakizaliani. Basi hapo tunatazamia RNA ya maana peke yake. Katika jani la muhogo unaougua tunatazamia zote mbili.

Kipimo kisichojua upande kitajibu swali moja tu: je, kirusi kipo? Kipimo kinachojua upande kinaweza kujibu la pili: je, kirusi kinazaliana hapa? Mchunguzi anayechagua mbegu atafaidika na swali la pili, kwa sababu mmea unaokizuia kirusi kisizaliane una thamani tofauti na mmea uliokawia tu kuonyesha dalili.

Mfano mwingine wa Kagera

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1988 Roger Miller alidokeza kwamba katika uzi wa pili wa kirusi hicho kuna nafasi ya jeni ambayo haikuwa imetambuliwa. Uchunguzi wa miaka ya 2014 na 2017 umeonyesha kwamba RNA kinyume ya kirusi hicho inaweza kukisaidia kulala kimya ndani ya seli, na kulala huko ndiko kunakokifanya kisiondoke mwilini hata mgonjwa anapotumia dawa vizuri. Wanaotafuta namna ya kukiondoa kabisa hawana budi kupima pande zote mbili. Mgonjwa asishtuke kwa habari hii: kipimo cha hospitali cha wingi wa virusi husoma RNA iliyo katika chembe za virusi ndani ya damu, wala si ile ya seli zilizolala.

Zoezi la darasani

Somo hili laweza kufundishwa bila maabara. Mwalimu akate vipande vya karatasi, aandike juu yake uzi wa maana na uzi wa kiolezo tulioutumia, na kuonyesha ncha za 5' na 3'. Kundi moja la wanafunzi litengeneze RNA ya maana, la pili RNA kinyume. Kila kundi ligeuze RNA yake kuwa DNA ya nyuzi mbili, kisha makundi yabadilishane karatasi na kila moja lijaribu kutambua DNA ya mwenzake ilitokana na RNA ipi. Hawataweza. Hapo mwalimu awaambie warudie kazi, lakini kila kundi liunganishe besi CCCC mwanzoni mwa uzi wa kwanza wa DNA. Watatambua mara moja.

Hitimisho

Vituo vyetu vya utafiti wa kilimo, kama Maruku karibu na Bukoba na Ukiriguru karibu na Mwanza, vipo ili mkulima apate mbegu ya kuaminika. Anayesoma matokeo ya upimaji wa jeni, awe mtafiti, mwalimu au mwanafunzi, aulize kwanza: upande ulitunzwa? DNA iliondolewa? Vipimo vya kulinganishia viko wapi? Maswali hayo hayahitaji chombo cha gharama, nayo yanaweza kuizuia pingili mbaya isifike shambani.

Maswali

1. Andika RNA ya maana na RNA kinyume za kipande hiki, uanzie ncha ya 5' kila mara: uzi wa maana 5'-ATGCCGTTA-3'.

2. Kipimo kisichojua upande kimesoma nakala 900 katika mmea mzima na 900 katika mmea mgonjwa. Je, ni haki kusema kwamba jeni haikubadilika? Toa mfano wa tarakimu.

3. Eleza kwa nini sampuli ya muhogo wenye batobato ni lazima iondolewe DNA kabla ya kupimwa RNA.

4. Mtafiti amepata RNA kinyume ya kirusi cha michirizi ya kahawia katika inzi weupe. Taja maelezo mawili yanayowezekana, na kipimo kimoja cha kulinganishia ambacho ungemshauri akifanye kabla ya kutangaza matokeo.